Redio ya Mtumba Inayonuka Sigara

Vyombo vya umeme vilivyotumika vimezisaidia familia nyingi. Redio yenye spika kubwa au kompyuta ya watoto kujifunzia hupatikana kwa bei ambayo mama mwenye fungu dogo anaimudu. Lakini mara nyingine tunafika nyumbani, tunachomeka plagi, na chombo kikishapata moto sebule nzima inanuka sigara. Chombo hicho kilikaa miaka mingi katika nyumba ya mvutaji. Mwezi huu, akina mama, tuone jinsi ya kukisafisha.

Tatizo si harufu peke yake. Moshi wa sigara huacha utando wa kahawia wenye lami na nikotini. Utando huo unanata, hivyo hunasa vumbi, huziba matundu ya hewa, na chombo huchemka na kufa mapema. Tena mtoto anayetambaa hushika kila kitu, kisha mkono huenda mdomoni. Mwaka 2010 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley, huko California, walionyesha kwamba nikotini iliyoganda juu ya vitu huweza kuungana na asidi iliyomo hewani, ambayo hutokana na majiko ya gesi na magari, ikafanya kemikali zinazohusishwa na saratani.

Kabla ya kununua

Tunusie matundu ya nyuma. Kisha tupanguse mfuniko kwa kitambaa cheupe chenye maji kidogo. Kikitoka na rangi ya kahawia, ni moshi. Kikitoka safi na plastiki bado ni ya manjano, huo ni uzee wa plastiki yenyewe, wala sabuni haitauondoa. Tukijua hayo tunaweza kupunguziwa bei, au kukiacha.

Vyombo tusivyofungua

Televisheni ya kichogo, maikrowevu, na lile boksi la umeme lililo ndani ya kompyuta tusivifungue kamwe. Vinaweza kuhifadhi umeme wenye nguvu ya kuua hata baada ya kuchomoa plagi. Hivyo tumpelekee fundi. Sisi tutapangusa nje tu.

Vinavyohitajika

Bisibisi, brashi laini ya rangi, mswaki wa zamani, vijiti vya pamba, glavu za mpira, sabuni ya kuoshea vyombo, na spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Spiriti ya rangi haifai, kwa kuwa huacha mabaki.

Namna ya kufanya

1. Tufanyie kazi barazani, penye hewa, watoto wakiwa mbali. Mama mjamzito amwachie mwingine. Spiriti hushika moto upesi, kwa hiyo pasiwe na jiko wala mshumaa karibu.

2. Tuchomoe plagi na kutoa betri, tusubiri kidogo, kisha tufungue skrubu. Kila hatua tuipige picha kwa simu, na skrubu za kila sehemu tuziweke kwenye kifuniko chake. Kurudishia kutakuwa rahisi.

3. Tuondoe vumbi kavu kwa brashi. Mapanga ya feni tuyashike kwa kidole yasizunguke tunapopuliza.

4. Mifuniko na vitufe visivyo na waya tuviloweke dakika 20 katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni, tusugue kwa mswaki, tusuuze, na tuanike kivulini siku nzima. Jua kali huzidisha umanjano.

5. Bodi yenye nyaya isiguswe na maji. Tuchovye kijiti cha pamba katika spiriti, tupanguse polepole, na tubadilishe kijiti kila kinapoingia rangi. Tusiikwangue.

6. Karatasi ya spika tuipitishie brashi kavu tu. Mikanda ya mpira ya sehemu ya kaseti isipakwe spiriti. Kioo cha plastiki nacho hupata ufa kwa spiriti, na maandishi hufutika. Hapo maji ya sabuni kidogo yanatosha.

7. Sponji za kuchujia hewa zitupwe na kuwekwa mpya, maana harufu yake haitoki.

Tusitumie dawa ya kung'arishia nguo nyeupe. Huozesha chuma, na ikichanganywa na spiriti au amonia hutoa mvuke wa sumu. Wala tusifukize udi kuficha harufu. Utando utabaki palepale.

Kabla ya kuwasha

Tuache chombo wazi kivulini siku mbili au tatu, kikauke kabisa. Tukishakifunga, tukiwashe barazani kwa saa moja huku tukikiangalia. Kikinuka kuungua, tuzime na kumwita fundi. Harufu ndogo ya sigara huweza kubaki kwa muda, ikipungua siku hadi siku. Ikizidi hata baada ya kusafisha mara mbili, chombo hicho kisikae chumbani kwa mtoto mchanga.

Na kama nyumbani mwetu yumo avutaye, baba, kaka au mgeni, tumwombe kwa upole avutie nje. Moshi ulioganda kwenye redio ndio unaoganda pia kwenye pazia, kwenye mto, na kwenye nguo za mtoto. Redio tunaweza kuifungua kwa bisibisi tukaisafisha. Kifua cha mtoto hatuwezi.