KOSA LA KIINGEREZA LIFUNDISHWE, LISICHEKWE

Mtoto wa kisiwani Rukuba au Ukara anayeingia Kidato cha Kwanza katika shule ya Musoma au Bunda hukuta lugha ya masomo imegeuka. Katika shule ya msingi ya serikali alifundishwa hesabu na sayansi kwa Kiswahili. Sasa masomo hayo hayo anatakiwa ayasome, na mtihani aujibu, kwa Kiingereza. Akikosea, wenzake humcheka, na pengine hata mwalimu. Baada ya mara mbili tatu mtoto huyo hanyoshi tena mkono, na hapo taifa limekwisha kupata hasara.

Sisi tunasema kwamba makosa hayo yana asili yake, wala si upumbavu. Mengi yatokana na Kiswahili sahihi kilichohamishwa kama kilivyo.

Mwanafunzi humwita mama yake "he" kwa sababu kwetu "yeye" ni mmoja, kwa mwanamume na kwa mwanamke. Huandika "I have seen him yesterday" kwa kuwa katika mazungumzo twasema "nimemwona jana" bila ya kusutwa na mtu. Lakini Kiingereza kikishataja jana, hutaka "I saw". Huchanganya "lend" na "borrow" kwa kuwa neno letu "kuazima" humtosha anayetoa na anayepokea.

Yako na makosa yenye madhara zaidi. Mtu akiulizwa "Didn't you take the medicine?", naye hakunywa dawa, hujibu "Yes", akiwa na maana ya "ndiyo, sikunywa". Mswahili huikubali kauli ya muulizaji. Mwingereza hulitazama tendo lenyewe, na kama halikutendeka, jibu ni "No". Tafsiri hiyo mbele ya daktari yaweza kumdhuru mtu. Vivyo hivyo, msafiri wa kivuko kati ya Kisorya na Rugezi akiona "7 a.m." akadhani ni saa saba, atafika gatini saa sita nzima baada ya wakati, kwani kwa hesabu yetu hiyo ni saa moja asubuhi.

Dawa yake si fimbo wala kicheko. Mwalimu na aziweke lugha mbili bega kwa bega ubaoni, aonyeshe zinapokutana na zinapoachana. Mfano tunao hapa hapa Mara. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922 katika jamaa ya Wazanaki, alianza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaendelea Tabora na Makerere hata Chuo Kikuu cha Edinburgh. Ndiye baadaye aliyezitafsiri kwa Kiswahili tamthilia mbili za Shakespeare, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Hakuna awezaye kufanya kazi hiyo pasipo kuzipima lugha zote mbili neno kwa neno. Hakukitupa Kiswahili ili akipate Kiingereza.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu, chini ya Ndugu Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kiwe lugha ya kufundishia hata sekondari. Pendekezo hilo halikutekelezwa, na mjadala wake ungalipo. Lakini mtoto aliyeko darasani leo hawezi kuungoja umalizike.

Kwa hiyo tunawaomba maofisa wa elimu wa mkoa wetu wawaruhusu walimu kueleza sarufi ya Kiingereza kwa Kiswahili pale inapobidi, na wakomeshe adhabu kwa mtoto anayesema Kiswahili shuleni. Viongozi wa serikali nao, ambayo tangu mwaka 1967 iliamua kuendesha shughuli zake kwa Kiswahili, wahakikishe kwamba matangazo ya gatini na hospitalini yanaandikwa kwa lugha hiyo, na saa zake zisomwe kama wananchi wanavyozihesabu.

Kwenu ndugu zetu wa visiwani, waambieni watoto wenu waulize bila ya haya. Kuuliza si ujinga. Na wahenga walikwisha kusema kwamba kupotea njia ndiko kujua njia.