Shamba na Nyumba: Ua wa Minyaa Upandwe Lini?

Kila mwaka kiangazi kikiisha twasikia magomvi yale yale vijijini. Mbuzi wa fulani wameingia katika maharagwe ya jirani; ua ulikuwapo, lakini umekauka, na sasa hata mpaka wenyewe haujulikani. Watu wawili waliokaa miaka mingi kwa amani waenda kwa chifu kushtakiana. Tukiuliza ua huo ulipandwa lini, mara nyingi twajibiwa: mwezi wa tano, kazi za shamba zilipopungua. Hapo ndipo shida ilipoanzia.

Mnyaa, ambao majirani zetu wa Rwanda huuita umuyenzi, ni mti wa ua tangu zamani. Majani yake ni madogo mno na huanguka upesi, lakini vitawi vyake hukaa kijani mwaka mzima, na ndivyo vinavyofanya kazi ya majani. Mbuzi hawautaki kwa sababu ya utomvu wake mweupe. Ni ndugu wa muhogo, na kama muhogo hupandwa kwa fimbo, bila mbegu.

Wengine hufikiri ya kuwa mvua ikiwa nyingi zaidi ni heri zaidi. Sivyo. Mche wa kahawa una mizizi na majani; hutaka udongo ulioloa vema, na wafaa kupandwa mvua ikiisha kukolea. Fimbo ya mnyaa haina mizizi bado, nayo imebeba maji yake yenyewe ndani. Ukiitia katika tope la masika, jeraha lake huoza. Ukiipanda mvua zikikaribia kwisha, kiangazi huikuta haijashika udongo. Basi wakati wake ni mwanzo wa mvua, ardhi inapoanza kulainika, ili iwe na miezi mingi ya kuota mizizi.

Lakini mwanzo wa mvua si mmoja kwa Kongo yote. Katika milima ya Bukavu kiangazi huanza mwezi wa sita na mvua hurudi mwezi wa tisa. Upande wa Lubumbashi mvua hukawia mpaka mwisho wa mwezi wa kumi, au hata mwezi wa kumi na moja, nazo hukoma mwezi wa nne. Mtu wa Katanga akifuata kalenda ya ndugu yake wa Kivu, atapanda katika vumbi.

Matayarisho yafanywe kiangazi kingali kipo. Kwanza mwite jirani yako, nyosheni kamba pamoja mbele ya wazee, mkapige mambo. Yafaa kupatana kabla ya kupanda, kwa maana mti ulioota hauhamishwi bila maneno. Tena ua, hata ukiwa mnene, si hati: tangu sheria ya mwaka 1973 ardhi ya Kongo ni mali ya Dola, na haki ya mtu juu ya kiwanja haithibitishwi na minyaa.

Kisha kata fimbo zilizokomaa, uzilaze kivulini siku kadhaa mpaka utomvu ukauke penye jeraha. Zipande kwa kuachana sm 30 hivi, ukishindilia udongo kwa mguu.

Siku ya kukata, watoto wawe mbali. Utomvu huo ukiingia jichoni huchoma vikali, na waweza kumpofusha mtu. Aliyepatwa asisugue jicho. Alioshe papo hapo kwa maji safi mengi, kwa muda mrefu, kisha aende zahanati siku ile ile, hata kama maumivu yamepungua. Mkataji naye asijipanguse jasho usoni kwa mkono.

Na mwenye bwawa la samaki apande ua wake mbali na maji, wala asitupe matawi humo, kwa kuwa utomvu wa mnyaa huwaua samaki.