Wananzengo, Mwano Umepigwa

Wananzengo wa Bugarama, wiki iliyopita tumemzika kijana wa duarani, baba wa watoto wawili. Siku ya kwanza ya kikohozi alinunua dexa duka la dawa. Siku ya tatu tukamfukiza nyungu. Siku ya nane kucha zimegeuka bluu, ndipo tukahangaika kutafuta gari la kwenda Kahama. Alikata roho njiani, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Msibani ikatangazwa "changamoto ya upumuaji". Tukaitikia, tukanawa, tukala.

Sababu za kifo kile mnazijua: vibanda vya turubai, watu kumi chumba kimoja, aibu ya kutaja korona.

Kinachonichoma ni ile dexa. Juni 2020 watafiti wa Oxford, Uingereza, walitangaza kwamba deksamethasoni, ndiyo dexa yenyewe, ilipunguza vifo kwa theluthi moja kwa wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, na kwa moja ya tano kwa waliokuwa wakipewa oksijeni tu. Asiyehitaji oksijeni haikumsaidia kitu. Mbona huku ilifika nusu ya habari? Dawa ile hutuliza kinga ya mwili inapovuka mpaka na kuanza kuunguza mapafu ya mwenyewe. Kuimeza siku ya kwanza ni kumfunga mlinzi kamba wakati mwizi ndiyo kwanza anaruka ua. Anayeiuza bila cheti ana hatia. Sisi tunaoinunua na kupeana, je?

Sungusungu zilizaliwa huku huku kwetu miaka ya themanini. Mwano ukipigwa kwa ajili ya ng'ombe walioibwa, kijiji kizima kilitoka. Leo anaibiwa mtu pumzi, tumelala!

Kila nzengo ichange inunue kile kipimo cha oksijeni cha kubana kidoleni. Anayekohoa apimwe asubuhi na jioni, hata kama anaongea na kucheka, maana korona hushusha oksijeni kimyakimya. Ikiteremka chini ya asilimia 94, msiitishe kikao: gari litoke usiku huo huo. Hela ya mafuta iwe imeshawekwa, kama tunavyoiweka ya msiba. Wenye maduara na makarasha, nanyi bebeni sehemu yenu. Tuulizie na chanjo; Rais Samia alichanjwa hadharani Julai 28, 2021. Tuanze na wazee wetu, tuwasindikize wenyewe.

Nawaomba, ndugu zangu. Mama wa yule kijana bado yuko mkekani. Jumapili nitakuja kikaoni na elfu kumi yangu mkononi. Njooni na zenu.