777 si dawa, ni mlango wazi

Wasee, tuongee kuhusu hii tabia. Seva inakuandikia "Permission denied", unaingia Google, unapata mtu amejibu: andika chmod -R 777. Unaandika, tovuti inafunguka, unaambia mteja imeiva. Mimi nasema hiyo si kazi. Umevunja kufuli ndio uingie, halafu ukaacha mlango hivyo.

Hizo namba zina maana. Linux hugawanya watu mara tatu: mwenye faili, kikundi chake, na wengine wote. Kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1. Jumlisha, unapata 7. Kwa hivyo 777 ni kuambia kila akaunti kwenye hiyo seva: soma, badilisha, endesha, karibu nyumbani.

Sasa fikiria tovuti ya chama ama ya duka la mtaa inayopokea pesa kwa M-Pesa. Funguo za kuongea na Daraja mara nyingi hukaa kwenye faili ya .env. Ukiipa 777, akaunti yoyote iliyoingiliwa kwenye hiyo seva, hata kupitia tovuti ya mtu mwingine, inaweza kuzisoma. Mama wa duka hajui chmod ni nini. Amekuamini wewe.

Na mara ingine haisaidii hata. SSH hukataa ufunguo wa siri unaosomeka na wengine, mpe 600. Kwenye Fedora, SELinux inaweza kukunyima hata uandike 777 mara kumi.

Swali si "nifungue aje?" Swali ni "nani ananyimwa, na wapi?" Andika ps aux uone programu inaendeshwa kwa jina la nani. Kwa Ubuntu, Nginx huhudumia tovuti kwa jina la www-data. Kisha andika namei -l na njia ya faili. Itakuonyesha kila folda kutoka juu hadi chini. Unaweza kupata faili iko sawa kabisa, shida ni folda moja ya juu haina x, kwa hivyo hakuna wa kupita. Tangu toleo la 21.04, Ubuntu hufungia wengine folda mpya za home, so ukiweka tovuti huko Nginx inagonga ukuta. Ihamishe /var/www. Folda 755, faili 644, za siri 640 ama 600. Basi.

Utasema hiyo ni kazi mingi. Sawa, lakini ndiyo unalipwa kufanya. Mimi sikumaliza chuo, na kuna watu wanangoja tu kuona sisi tusio na karatasi tukifanya kazi ya kubahatisha. Tusiwape huo ushahidi.

Leo usiku, kabla ulale, endesha hii: find /var/www -perm -002 ! -type l. Hesabu ni milango mingapi iko wazi, kisha anza kufunga moja moja.