Daftari la wiki: Taa ya dagaa na nyusi za bibi harusi

Mbalamwezi imekolea. Dagaa hawafuati taa kukiwa na mwezi angani, kwa hiyo vipe, vyombo vyetu vya kuvulia, vimelala ufukweni, nyavu zinashonwa, na wanaume wa Ikola, hapa Ziwa Tanganyika, wanagundua kwamba watoto wao wamekua.

*

Kikao cha wazazi, Jumanne. Nimehesabu neno "changamoto" mara thelathini na moja. Choo kilichojaa ni changamoto. Mwalimu mmoja wa hesabu kwa madarasa manne ni changamoto. Chaki ni changamoto. Zamani tulikuwa na shida, tatizo, upungufu na aibu. Naomba aibu irudishwe.

*

Barabara ya Mpanda: vumbi. Nitaliandika neno hili kila wiki mpaka nikose sababu. Alhamisi tulishuka kwenye gari abiria wote tukiwa tumepakwa faundesheni ya bure, rangi moja, bila kubagua dini wala umri, na haikutoka hata kwa sabuni ya kipande.

Faundesheni nimeitaja makusudi. Nyumbani kwangu wiki hii hakuna habari nyingine.

*

Jumatano usiku nilitoka kwenda uani nikaona mwanga chini ya mlango wa binti wa dada yangu, mwanga mweupe kama wa chumba cha upasuaji. Nikagonga, kimya. Nikasukuma. Kaning'iniza kwenye boriti taa ya kipe cha mjomba wake, ileile ya kuitia dagaa, na betri iko sakafuni. Simu kaiegemeza kwenye ndoo ya maji. Nusu ya uso wake ilikuwa ya mtu mwingine. Nyusi ya kulia imepinda, imechongoka, imejaa. Ya kushoto bado ni ya ukoo wetu, yaani haipo.

"Mama mdogo, funga mlango, wadudu wanaingia."

Wadudu walishaingia. Taa ya dagaa haichagui wa kumwita. Kumbikumbi mmoja alikuwa amenasa shavuni, kwenye faundesheni mbichi, na binti akamtoa kwa ncha ya kibanio bila kuondoa macho kwenye simu.

Anajifunza mekapu. Ni mwezi wa tano sasa. Mahali pa karibu pa kufundishwa ni Mpanda, zaidi ya kilomita 100 za neno lile nililoliandika hapo juu, na ada ya huko sina. Kwa hiyo walimu wake wanakaa ndani ya simu: mmoja wa Dar, mmoja wa Nairobi, na mwingine wa Lagos ambaye Kiingereza chake hakielewi hata kidogo ila mikono yake anaielewa yote. Video anazivuta usiku wa manane kwa bando la usiku, mchana anazitazama bila intaneti, na mbalamwezi ikikolea anaazima taa kwa mjomba kwa sababu haina kazi ziwani. Ratiba yake ya masomo inapangwa na mwezi, kama mfungo.

Nilianza kwa dharau, nakiri. Mimi nimekulia kwenye wanja na mafuta ya mgando, na kwa miaka mingi nimeandika hapa kwamba simu inawamaliza vijana wetu. Basi nikakaa kitandani nimwone anavyomalizwa. Akaniangalia kwa makini, akasema, "Uso wako una nafasi, mama mdogo." Nikawa mwanafunzi na ubao kwa pamoja.

Nimejifunza haya. Sponji huloweshwa, ikakamuliwa, ndipo ikashika rangi. Ikiwa kavu inainywa yote. Usisugue, pigapiga. Rangi haijaribiwi mgongoni mwa kiganja kama tufanyavyo dukani. Inajaribiwa kwenye taya, pale uso unapokutana na shingo, maana hapo ndipo uongo hujulikana. Poda inawekwa kidogo, hasa kwetu, kwa sababu joto la ziwani likianza kututoa jasho inakuwa ramani. Nyusi hazichorwi kwa mstari mmoja. Zinachorwa unywele mmoja mmoja, kwa kalamu ya wanja iliyochongwa, kuanzia katikati kwenda nje, na upande wa puani unaachwa hafifu.

Nikaona na jambo ambalo walimu wale hawalisemi. Kwenye video nyusi moja inakamilika kabla hujameza mate. Binti alitumia dakika arobaini kwa nyusi yangu ya kushoto peke yake. Video imekatwa na kuharakishwa, na simu ya mwalimu ina kichujio kinacholainisha ngozi yenyewe hata kabla brashi haijagusa. Mtoto wa watu huku anadhani mkono wake ni mzito. Anafuta kwa pamba na mafuta, anachora upya, anafuta. Asubuhi nilipofagia nilihesabu vipande kumi na tisa vya pamba. Huyu ni binti ambaye hesabu ya kidato cha nne ilimshinda, na sikuwahi kumwona akirudia swali moja mara mbili.

YouTube ilianza mwaka 2005. Miaka miwili baadaye msichana wa Kimarekani, Michelle Phan, akaanza kuweka video za kujiremba alizojipiga mwenyewe, na watu wengi wa fani hii humtaja yeye kama aliyefungua mlango. Kabla ya hapo elimu hii ilipita chumbani, kwa somo, kungwi au shangazi. Bibi yetu mmoja hapa, mwenye chale mbili kila upande wa macho, anasimulia alivyopakwa unga mwekundu wa mti wa mkurungu uliochanganywa na mafuta alipokuwa mwali. Aliyempaka alikuwa na ukali usio na mfano. Lakini alikuwa anamtazama. Mkono ukizidi, aliupiga. Mwalimu wa Lagos hajawahi kumwona binti yangu, na hatamwona. Hawezi kumwambia "hapo pametosha". Neno hilo limebaki kwangu mimi, nisiyejua lolote.

*

Jumamosi alfajiri akaenda kumpamba bibi harusi. Kazi ya kwanza ya malipo: shilingi elfu kumi na tano na samaki sita aina ya mgebuka.

Shida (si changamoto) ilianzia dukani. Faundesheni zilizopo Ikola ni za rangi tatu: ngano, ngano iliyokobolewa, na rangi ya mtu ambaye hajawahi kufika Ikola. Bibi harusi wetu ni mweusi wa kupendeza, mweusi wa Kibende hasa. Watu husema video zinawafundisha wasichana kujipaka weupe. Mimi nimezitazama usiku mzima, na mwalimu wa Dar alisema mara tatu kwamba rangi ifanane na shingo. Anayewapaka weupe ni rafu ya duka. Katoni linafunguliwa, ndani ni ngano tupu, mteja anachukua kilichopo.

Binti yangu hakuchukua kilichopo. Alichanganya ngano na kakao ya kunywa, ile ya kopo, akaijaribu kwenye taya ya bibi harusi, akaongeza kidogo, akaijaribu tena. Rangi ikakaa sawasawa. Nilimsimulia baadaye habari za Iman, Msomali aliyesoma Chuo Kikuu cha Nairobi kabla ya kwenda Marekani kuwa mwanamitindo miaka ya 1970. Katika moja ya kazi zake za kwanza kule, fundi wa mekapu alimuuliza kama amekuja na faundesheni yake mwenyewe, kwa sababu wao hawakuwa na ya rangi yake. Akaanza kujichanganyia. Mwaka 1994 akafungua kampuni yake ya vipodozi kwa wanawake wa rangi zote za kahawia. Rihanna alipozindua Fenty Beauty mwaka 2017 kwa rangi arobaini za faundesheni, maduka makubwa ya dunia yalishtuka kana kwamba watu weusi wamezaliwa jana. Arobaini! Sisi huku tungeridhika na ya nne.

Tofauti ya Iman na binti yangu ni kwamba kakao ile ya kopo ina sukari.

Nzi wa ufukweni wiki hii hawana pa kutua, maana hakuna dagaa walioanikwa. Wakati wa kupokea zawadi walimgundua bibi harusi. Matroni alisimama nyuma yake na upepeo wa ukili kwa saa mbili nzima, na picha zote zinaonyesha upepeo huo kama sehemu ya mapambo. Nasikia kuna bibi harusi wa mwezi ujao ameshaomba awe na wake.

Lakini kabla ya nzi kulikuwa na jua. Kazi ilifanywa saa kumi na moja alfajiri chini ya taa ileile ya kipe. Taa hiyo ni nyeupe inayoelekea bluu. Imetengenezwa kupenya maji, na chini yake kila uso unaonekana umepauka. Binti akaona mashavu hayana uhai, akaongeza wekundu, bado, akaongeza tena. Tulipotoka mlangoni, jua la saa mbili likapiga. Bibi mwenye chale alikuwa kwenye mkeka, akainua uso, akatazama, akauliza kwa upole kabisa:

"Nani kampiga mtoto makofi siku ya leo?"

Wanawake uani wakanyamaza. Nilidhani binti yangu atalia. Hakulia. Alimshika bibi harusi mkono, akamkalisha kwenye kigoda chini ya mwembe, akaomba kitenge chenye maji, akapunguza kwa kupigapiga, siyo kusugua, upande mmoja, kisha mwingine, huku bibi akisimamia: "Bado. Bado. Punguza na huku. Haya, pametosha."

Dakika kumi. Sijawahi kuona video iliyofundisha kiasi hicho.

*

Brashi moja, wasichana saba, macho kumi na manne. Januari 2024 Dar es Salaam nzima ilikuwa na macho mekundu, na tuliambiwa tusigusane wala tusichangie taulo. Sasa tunachangia wanja. Nimesema, na nimeitwa mshamba.

*

Sasa jambo ambalo silichekei.

Mama mmoja ninayenunua dagaa kwake alinyamaza sokoni wiki tatu. Jumapili nimemtembelea. Alinunua mnadani kopo la krimu lisilo na lebo, akaambiwa linang'arisha. Liling'arisha siku kumi. Kisha ngozi ya mashavu ikawa nyembamba kama ya kitunguu, ikachubuka, ikaacha mabaka meusi kuliko alivyokuwa mwanzo. Daktari kamwambia asikae juani. Kazi yake ni kuanika dagaa.

Hii siyo mekapu. Mekapu inaoshwa jioni na mtu anarudi kuwa yeye. Huu ni mkorogo, na tunajua vilivyomo: haidrokwinoni, steroidi kali za hospitali, na mara nyingine zebaki. Zebaki ileile wachimbaji wadogo wa Mpanda wanayokamatia dhahabu, ndiyo mtu anapaka usoni asubuhi, na figo zinaipokea. Sheria zipo. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya shirika la viwango, TBS, baada ya kuondolewa kwa iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA. Kimataifa upo Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, wa mwaka 2013, na mwaka 2023 nchi wanachama ziliziba hata mwanya uliokuwa umebaki, zikaweka 2025 kuwa ukomo wa kutengeneza, kuingiza nchini na kuuza nje vipodozi vyenye zebaki. Lakini kopo lile halikupita bandarini likiwa na karatasi. Linaletwa begani kwa mtu, linauzwa juu ya turubai kati ya mitumba na sumu ya panya, na muuzaji anajua jina la kila mteja.

Nilipoondoka aliniomba nisiliandike jina lake. Sijaliandika.

*

Piko nyeusi kwa bibi harusi: kama inakolea kwa nusu saa, si hina. Ni dawa ya nywele, na malengelenge yake nimeyaona.

*

Mzee wa jirani bado ananiuliza meli ya Liemba itarudi lini. Nimemkumbusha kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927. Akatabasamu, akasema basi hana haraka.

*

Vipe vinarudi majini wiki ijayo, mwezi ukipungua. Mjomba kaja kuchukua taa yake. Kaikuta na alama ya lipustiki kwenye swichi, akaifuta kwa kidole gumba, akauliza ni nani wa kumlipia chaji ya betri. Binti kampa elfu mbili kutoka kwenye zile kumi na tano. Mjomba kazitazama, karudisha elfu moja.

*

Kuanzia Jumatatu mazoezi yanahamia nje, chini ya mwembe, saa mbili asubuhi, bibi akiwa kwenye mkeka wake. Simu inaegemezwa kwenye shina. Nusu ya watoto wa mtaa wanakuja kutazama, na mmoja, wa kiume, ana mkono mwepesi kuliko wote.

Harusi ya pili ni tarehe ishirini. Msomaji unayetoka Mpanda wiki hii na una nafasi kwenye begi: faundesheni ya kahawia iliyokolea, chupa mbili, yenye lebo na tarehe ya kwisha matumizi. Nitalipa ukifika, na chai ya kakao nitakuandalia, maana imebaki nusu kopo.