Vazi la Kazi Lisiwe Adhabu

Kila siku asubuhi, katika vituo vya mabasi vya miji yetu, huonekana akina mama na dada zetu wakielekea kazini. Mmoja amevaa sketi iliyombana hata anashindwa kuinua mguu apande daladala. Mwingine amevaa kandambili, na viatu vyake vya kisigino kirefu amevishika mkononi, avivae atakapofika mlangoni mwa ofisi. Wa tatu amejifunga koti zito la poliesta, na jasho linamtoka kabla jua halijapanda. Wote watatu wamevaa kwa heshima. Lakini hakuna hata mmoja aliyevaa kwa ajili ya kazi anayokwenda kuifanya.

Ubishi juu ya mavazi ya wanawake si mpya nchini. Mwezi Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ikapiga marufuku sketi fupi, suruali za kubana na mawigi kuanzia Januari 1969. Kabla hata ya siku hiyo kufika, wasichana walikwisha kuvamiwa na makundi ya vijana katika mitaa ya Dar es Salaam. Mwaka 2007 Serikali ilitoa waraka juu ya mavazi ya watumishi wa umma. Hatupingi kuwapo kwa kanuni, kwani ofisi si ukumbi wa dansi. Tunalosikitikia ni kwamba kwa miaka yote hiyo swali limekuwa moja tu: mwanamke asivae nini? Ni nadra kuulizwa avae nini ili aifanye kazi yake vyema, na kama mshahara wake unatosha kukinunua.

Mwalimu husimama kutwa, huinama juu ya madawati na kunyosha mkono ubaoni. Muuguzi huinua wagonjwa. Kisigino kirefu huusukuma uzito wa mwili mbele, ukaelemea vidole, na magoti na kiuno vikaumia. Mtu aliyeanza kuumwa miguu saa nne asubuhi hawezi kumpokea mwananchi kwa uso mkunjufu saa tisa alasiri.

Wanaume walikwisha kulielewa jambo hili zamani. Suti ya Kaunda, yenye mikono mifupi na isiyodai tai, ilikubaliwa katika ofisi zetu kwa miaka mingi, kwa kuwa inafaa nchi yenye joto. Hakuna aliyemwita mvaaji wake mzembe. Kwa nini basi mwanamke anayetaka kiatu kifupi na kitambaa chepesi aambiwe kwamba hajipendi?

Wala heshima haihitaji kabati lililojaa. Sketi mbili zinazopita magoti na zenye nafasi ya kupiga hatua, suruali moja isiyobana, na blauzi nne za pamba, zote zikiwa za rangi zinazopatana, humpa mtu namna kumi na mbili za kuvaa. Koti moja jepesi laweza kukaa ofisini, likisubiri mkutano au baridi ya kiyoyozi. Pamba hunyonya jasho na kupitisha hewa, na fundi cherehani wa mtaani hupima mwili wa mteja mwenyewe. Aambiwe atie bitana na mifuko, na aache akiba ya kitambaa katika mishono, ili nguo ipanuliwe mwili unapobadilika. Kitenge kilichoshonwa hivyo hakipungukiwi heshima mbele ya suti yoyote ya dukani. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mtindo ulioazimwa kutoka nchi za baridi nao hausitiri uchovu wa kazi ya nchi yetu.

Kwa waajiri tuna maombi matatu. Kwanza, kanuni za mavazi zisiandikwe na wanaume peke yao katika chumba kilichofungwa. Waitwe wanawake wanaozivaa nguo hizo, waulizwe juu ya joto, safari ya basi, ujauzito na mguu unaovimba. Pili, mwajiri anayetaka sare aigharimie sare hiyo, kwani si haki mshahara mdogo ukatwe tena kwa ajili ya sura ya ofisi. Tatu, mfanyakazi asirudishwe langoni na kupoteza ujira wa siku kwa sababu mlinzi hakupenda urefu wa sketi yake. Kama kuna kosa, aitwe na mkuu wake, asemezwe kwa staha.

Na kwa dada zetu tunasema hivi: msinunue nguo kwa kushindana na jirani wa meza ya pili. Kabla ya kulipa, ketini nayo, inameni, nyosheni mkono, pigeni hatua kama ya kupanda basi. Nguo isiyoruhusu hayo, hata ikipendeza namna gani, haikushonewa mtu wa kazi.

Mfanyakazi hupimwa kwa kazi anayoikamilisha jioni. Vazi lake na limsaidie kuifikia jioni hiyo akiwa mzima.