Harusi iliyokataa kuonekana

Msomaji, huenda kijana wako amekesha akihariri video ya harusi ya dadake, na sasa jamaa wote wameketi sebuleni. Flashi yachomekwa, runinga yaandika: faili haisomeki. Wazee husema tarakilishi imeharibu kazi. Haijaharibu chochote.

MP4 ni mfuko tu. Ndani yake picha zimekunjwa kwa njia fulani, na runinga isiyojua kuzikunjua haitaonyesha kitu. Mtindo wa H.265 hupunguza ukubwa wa faili, lakini runinga na simu nyingi kuukuu haziufahamu. Wakati wa kutoa video ya nyumbani, chagua MP4, H.264 na sauti ya AAC. Idadi ya picha kwa sekunde iache ilivyorekodiwa. Uliyopiga kwa 30 ukiitoa kwa 25, mwendo utashtuka-shtuka.

Ukubwa ndio hunasa wengi. Megabiti 8 kwa sekunde ni megabaiti 60 kwa dakika, yaani gigabaiti 3.6 kwa saa. Sherehe ya saa mbili hupita 7, ilhali flashi ya mpango wa FAT32 haipokei faili moja ya gigabaiti 4. Igawe vipande, au uipange flashi upya kwa exFAT, ikiwa runinga yako huisoma. (Kupanga upya hufuta yote yaliyomo!)

Kipande cha WhatsApp kitume kama hati, la sivyo kitabanwa na nyuso zififie. Na picha asilia za nyanya akiwabariki maharusi zisifutwe mpaka faili ijaribiwe kwenye runinga ile ile itakayotumika.